Masomo Makubwa na Vijana wa Kando ya Ziwa

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya leta yakiisha kutangazwa, wazazi wa Uvira, wa Kiliba, wa Sange na wa Baraka wanaanza kuhesabu franka. Huyu anauza ng'ombe, yule anauza nyavu zake, mwingine anakopa kwa shemeji yake, ili mtoto aende kwenye masomo makubwa: Bukavu, au Bujumbura ng'ambo ya Ruzizi, au hapa hapa Uvira. Zamani wazazi wengi walitaka mtoto awe mganga au mwanasheria. Siku hizi wengi wanaandikishwa katika masomo ya namna nyingine: maendeleo ya vijiji, mambo ya jamii, ualimu, namna ya kuongoza vikundi vya vijana, namna ya kuwafundisha watu haki zao na kazi zao za raia. Mapadri wa parokia na makatekista wanawajua vizuri wanafunzi hao, maana wakirudi wanapiga hodi kwanza kwenye mlango wa misioni. Wanataka ukumbi, wanataka vijana wa Xaveri na wa kwaya, wanataka barua ya padri.

Baadhi yao wanafanya kazi kubwa, nasi tunawashukuru. Wengine wanafika Jumatatu, Alhamisi wamekwisha kwenda, na vijana waliokusanyika wanabaki na picha tu. Ndiyo sababu makatekista wengine wanasema kwamba masomo hayo ni kitu kipya, tena kitu cha wageni, na kwamba yatapita. Kwa heshima yote, wanakosea. Jambo hili la kumpeleka kijana universite ili arudi kuwa mtumishi wa watu wa ziwa letu lilifikiriwa mwaka wa 1878, wakati hakuna mtu aliyejua neno Kongo kuwa jina la inchi yetu. Na mashaka ya makatekista wetu ya leo yalikuwako tangu siku ile.

Turudi nyuma basi. Mapadri Weupe wa kwanza walifika kando ya Tanganyika mwaka wa 1879, wakajenga Rumonge, katika Burundi ya leo. Mwaka wa 1880 walivuka wakaanza Mulweba katika inchi ya Masanze, upande wetu. Mwaka wa 1883 walianza Kibanga, upande wa Ubwari, katika Fizi ya leo. Wakati ule ziwa lilikuwa barabara ya watumwa, na mwenye nguvu juu ya maji alikuwa Rumaliza wa Ujiji. Mapadri walikomboa watoto kwa kitambaa na shanga, wakawalea. Kijiji cha misioni kilikuwa kwanza kijiji cha watoto na vijana wasio na ukoo.

Tarehe 4 Mei 1881 watu wa sultani Bikari walishambulia misioni ya Rumonge, wakawaua Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop. Tumezoea kuisoma habari hii kama habari ya mashujaa wa imani, na ni kweli walikuwa mashujaa. Lakini tuangalie shauri lenyewe lilikuwa nini. Lilikuwa shauri la mtoto mmoja. Mapadri walimweka misioni. Watu wa Bikari walisema ni mtoto wao, arudi kwao. Hatuwezi kulihukumu leo. Ila tuone kwamba damu ya kwanza ya Eklezya kando ya ziwa hili ilimwagika juu ya ulizo hili: kijana ni wa nani? Ni wa ukoo wake, au wa padri aliyemlea? Baadaye wengine watakuja kumdai: leta, chama, jeshi. Habari yote ya masomo ya vijana wetu ni habari ya ulizo hili.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Mapadri Weupe, hakupata kuliona ziwa letu. Lakini aliwaza sana juu yake. Katika barua ya siri aliyoipeleka Roma mwanzo wa mwaka wa 1878 alieleza kwamba Wazungu peke yao hawataweza kuibadili Afrika. Waafrika wenyewe ndio watakaoifanya kazi hiyo. Neno hilo tumelisikia mara nyingi. Lakini wachache wanakumbuka neno alilolitia nyuma yake, na kwangu mimi ndilo lenye thamani. Alisema: tazameni sana namna ya kuwalea. Ukimlea kijana Mwafrika kwa chakula cha Kizungu, nguo za Kizungu na nyumba ya Kizungu, umemfanya mgeni kwao. Atahitaji mshahara mkubwa wa kumtunza, na watu wake hawatamfuata. Akili na imani vipate masomo ya juu kabisa. Lakini kula, kuvaa na kulala kubaki kwa Kiafrika.

Basi asome nini? Lavigerie alichagua uganga. Katekista maskini, alifikiri, hasikilizwi na wakubwa. Fundi wa mbao wa Ulaya hana kazi mahali pasipo na meza. Lakini mganga anaingia katika kila nyumba, ya sultani na ya mtumwa. Anaweza kuoa, anaweza kuishi kwa kazi yake mwenyewe, bila kuwa mzigo wa misioni. Mwaka wa 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, na vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wakawekwa pale wasome uganga katika universite ya Malta, na ukatekista nyumbani. Waliitwa waganga-makatekista. Ndiyo programu ya kwanza ya universite ninayoijua iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wa ziwa Tanganyika, na wa maziwa mengine ya jirani.

Mmoja wao tunamjua vizuri: Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Tombuktu, kwenye mto Niger, katika inchi ya Mali ya leo. Alikuwa mtoto mdogo alipokamatwa na kuuzwa, akavushwa jangwa, mpaka Mapadri Weupe wakamkomboa katika Aljeria. Alisoma Malta, na mwaka wa 1888 akaondoka na msafara, kupitia Zanzibar na Tabora. Mwanzo wa mwaka wa 1889 alifika Karema, upande wa mashariki wa ziwa. Alikuwa na miaka kama 22. Mwenzake Joseph Gatchi alipewa misioni za upande wetu wa Kongo.

Fikirini, ndugu waseminari, habari ya kijana huyu. Ni mtu mweusi, lakini kwa watu wa Karema ni mgeni kama Mzungu. Hajui Kibende. Lugha ya mama yake imekwisha kupotea njiani. Amesoma Kifaransa na Kilatini, amepasua maiti katika lopitali ya Malta, na sasa anakaa penye ndui na vita ya watumwa. Kwa hesabu ya kibinadamu angerudi baada ya mwaka mmoja. Alioa mwaka ule ule: Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa sultani wa Wabende. Naona siku ile ndiyo aliyopewa diploma yake ya kweli. Malta ilimpa dawa. Mke alimpa shemeji, mashamba, misiba ya kuhudhuria, na mashauri ya kukatwa. Alikaa Karema miaka 67. Alikufa pale pale mwaka wa 1956, amekwisha kupata nishani nyingi, na mtoto wake mmoja amekwisha kupata upadri. Watoto aliowachanja wakati wa Wadachi walikuwa na wajukuu siku walipomzika.

Lakini tusiifanye habari hii kuwa tamu kupita kweli. Vijana wa Malta hawakuulizwa kama wanataka kuwa waganga wa Tanganyika. Waliokombolewa walikuwa huru, lakini njia yao ilikuwa imekatwa na mtu mwingine, katika ofisi ya mbali. Wengine hawakumaliza masomo. Wengine walimaliza, kisha hawakukaa. Gharama zilikuwa kubwa, waliotoka walikuwa wachache, na mwaka wa 1896 nyumba ya Malta ilifungwa. Kibanga nayo ilikuwa imekwisha kuachwa mwaka wa 1893, kwa sababu ya magonjwa, na watu wake wakahamia kusini, Kirungu, mahali Wabeleji walipopaita Baudouinville. Hivi upande wetu wa kaskazini ulibaki nyuma muda mrefu.

Kusini walianza tena kwa njia nyingine, seminari ndogo ya Mpala. Humo alitoka Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza wa Kongo ya wakati ule wa Wabeleji. Baada ya vita ya pili ya dunia leta ya Kibeleji ilimwita kuketi katika baraza lake kusema kwa ajili ya watu weusi. Muda wa miaka mingi seminari ndiyo iliyokuwa universite ya Mkongo. Kijana aliyetaka masomo makubwa bila kutaka upadri hakuwa na mlango.

Mlango ulifunguliwa umechelewa sana. Lovanium ilianza karibu na Leopoldville mwaka wa 1954, na universite ya leta Elisabethville mwaka wa 1956. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya universite hawakufika thelathini katika inchi nzima. Uvira palikuwa na bandari ya Kalundu, soko, ofisi ya leta, na misioni. Mapadri Waxaveri wa Italia walifika mwaka wa 1958, na tarehe 16 Aprili 1962 Uvira ilifanywa jimbo, Askofu wake wa kwanza Danilo Catarzi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimekwisha kuanza kwa vijana wasiokwenda shule ndefu. Mwaka wa 1952, Bukavu, Padri Georges Defour, wa Mapadri Weupe, alianzisha Xaveri. (Wageni wanachanganya mara nyingi: vijana Xaveri si Mapadri Waxaveri, majina yanafanana tu.) Hapakuwa na diploma. Kijana alifundishwa kuongoza kikundi cha wadogo zake, kusaidia wazee, kufanya kazi ya mikono bila mshahara, kusema kweli mbele ya wenzake. Nikiwasikiliza leo wanafunzi wa universite wakieleza somo lao la kuongoza vijana, nasikia mara nyingi mambo ambayo kiongozi wa Xaveri wa miaka ya 50 aliyafanya bila kitabu. Simaanishi kitabu hakina faida. Namaanisha mwalimu wa kitabu hicho angeweza kwanza kwenda kukaa na vijana hao.

Tunafika mwaka wa 1964. Katika Aprili ya mwaka ule fujo lilianza katika bonde la Ruzizi, kwa Wafuliru, na tarehe 15 Mei waasi walichukua Uvira. Gaston Soumialot alikuwa akiongoza toka Bujumbura. Wakubwa walisema juu ya uhuru wa pili, maana uhuru wa kwanza, walisema, ulikuwa umeliwa na wenye magari. Walioshika silaha, mishale na mikuki kwanza, kisha bunduki, walikuwa hasa vijana. Tusiwaite wanyama. Wengi walikuwa wabatizwa. Walikuwa wamesoma miaka minne, mitano, wakaambiwa shule imeishia hapo. Wakaahidiwa kazi mwaka wa 1960, wakangoja miaka minne. Aliyekuja na kuwaambia mchana na usiku kwamba wana kazi, wana jina, wana dawa ya kuzuia risasi, wakamfuata. Ile pia ilikuwa programu ya kuwatengeneza vijana kwa mambo ya inchi. Ilikuwa na masomo yake, amri zake na kiapo chake. Sisi wa Eklezya tulikuwa na nini cha kuwapa zaidi ya kuwaambia wangoje?

Askofu Catarzi na watawa walifungwa Uvira miezi mingi, mpaka jeshi lilipouchukua tena mji katika Oktoba. Baraka na Fizi walibaki chini ya waasi. Tarehe 28 Novemba 1964, Baraka, mkubwa mmoja wa waasi alifika kwa gari na askari wake. Alimwua kwanza Frera Vittorio Faccin, mwenye miaka 30. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa akiungamisha. Alitoka, hakukubali kupanda gari, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akauawa pale. Jioni ile ile, Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, na padri wa jimbo Albert Joubert, mwenye miaka 56.

Padri Albert Joubert anatufunga na mwanzo wa habari hii. Baba yake ndiye Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuja ziwani kuzilinda misioni na watu wake mbele ya wauza watumwa, akabaki, akaoa Agnes Atakaye, mwanamke wa inchi, akafa katika inchi hiyo mwaka wa 1927. Mtoto alisoma seminari, akapata upadri mwaka wa 1935, na mwishoni akaja kaskazini, Fizi. Kwa waliomwua alikuwa Mzungu. Kwa Wazungu wengi wa koloni alikuwa mtu mweusi. Yeye mwenyewe alibaki penye watu wake.

Miezi mitano baadaye mganga mwingine alivuka ziwa. Katika Aprili 1965, usiku, toka Kigoma, alifika Kibamba mtu mmoja aliyejificha kwa jina la Tatu. Walisema ni mganga na mkalimani. Alikuwa Ernesto Guevara, Mwargentina, waziri wa Kuba wa zamani, na kweli alikuwa amesoma uganga universite. Alipima wagonjwa, akafundisha vita, akahuzunika kwa sababu vijana aliowafundisha hawakukaa katika mahandaki na wakubwa wao walikaa mijini mbali. Katika Novemba alivuka tena, akaenda zake. Sitaki kuwapima watu wawili kwa mizani moja kana kwamba wote walitaka kitu kimoja. Lakini mtu asomaye habari za ziwa letu hawezi kukosa kuwaona wakipishana majini: mganga wa Malta aliyekaa miaka 67, na mganga wa Buenos Aires aliyekaa miezi saba.

Aliyenihuzunisha zaidi katika habari hiyo si Guevara, ni kijana aliyemfundisha Kiswahili. Jina lake Freddy Ilanga, mwenye miaka kama 16. Aliitwa afanye kazi ya mkalimani wa mgeni huyo, hakujua ni nani. Wakuba walipoondoka alipelekwa Kuba. Huko alisoma, akafaulu, akawa mganga wa kupasua ubongo, kazi ambayo pengine hata leo hakuna mwenye kuifanya Uvira. Miaka arobaini ilipita hivi kabla ya kusikia tena sauti ya jamaa zake wa Kongo. Alikufa mwaka wa 2005, hakupata kurudi kukaa kwao. Atiman alichukuliwa mtoto toka mto Niger, akapewa kwa watu wa Tanganyika. Ilanga alichukuliwa mtoto kutoka Tanganyika, akapewa kwa watu wa Kuba. Wote wawili waliwatibu wagonjwa wengi, na Mungu anajua hesabu zao. Lakini mama wa Niger na mama wa Kongo, hakuna aliyewauliza.

Baada ya bunduki kulikuja chama. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa. Askari wakapiga risasi, wengi wakafa. Mwaka wa 1971 wanafunzi waliwakumbuka wenzao, na Rais Mobutu akawaingiza wote jeshini kwa nguvu. Kati yao walikuwamo watawa wanafunzi. Mjezuiti mmoja wa Bukavu, Padri Christophe Munzihirwa, aliyekuwa akiwalea, aliomba aandikishwe naye. Hakulazimishwa. Alivaa nguo ya askari ili asiwaache. Alikuwa amesoma mambo ya jamii na ya uchumi Louvain, programu nzuri kuliko zote za wakati wake, na hivi ndivyo alivyoitumia. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Bukavu, akauawa pale tarehe 29 Oktoba 1996.

Mwaka ule ule wa 1971 universite zote tatu, ya Kinshasa, ya Lubumbashi na ya Kisangani, ziliunganishwa kuwa moja ya leta. Kisha leta iliagiza kamati za vijana wa chama, JMPR, ziwekwe hata katika seminari. Maaskofu walikataa kwanza. Kardinali Malula, aliyesema waziwazi, alilazimishwa kwenda Roma mwanzo wa mwaka wa 1972, na nyumba yake ikapewa vijana wa JMPR iwe ofisi yao. Seminari kubwa zilifungwa kwa muda. Mwishoni walipatana kwamba kamati zitawekwa, lakini chini ya wakubwa wa seminari. Mwishoni mwa mwaka ule vyama vya vijana vya Kikatoliki vilikatazwa, na Xaveri pamoja navyo. Miaka michache nyuma somo la dini lilitolewa shuleni, likawekwa somo la uraia na politiki, yaani kumsifu Mobutu.

Wazee wetu wanalijua somo hilo. Walicheza, waliimba, walivaa. Na ilipofika mwaka wa 1996, jeshi lililotoka ng'ambo ya Ruzizi lilipopita Uvira, vijana waliokuwa wamefundishwa uraia wa namna ile waliandikwa kwa mamia kuwa kadogo, bila wazazi kuulizwa. Sikuona wengi waliotumia somo la shule kukataa.

Ninajua watakaosema: basi masomo haya yote ni mtego, afadhali kijana abaki na nyavu za baba yake. Hapana. Vijana wa 1964 waliharibikiwa kwa kukosa masomo, si kwa kuyapata. Katika miaka ya 70, chini ya leta ile ile ya Mobutu, Bukavu palianza chuo cha ISDR, cha maendeleo ya vijiji, na wengi waliotoka pale wamechimba visima na kuunda vyama vya wakulima katika Kivu nzima. Mwaka wa 1989 Askofu Mkuu wa Bukavu alianzisha Universite Katolika. Jimbo la Uvira nalo lina universite yake, Notre-Dame de Tanganyika. Xaveri ilisimama tena. Kijana wa Makobola hahitaji tena kwenda Malta.

Linalobaki ni neno lile la Lavigerie la 1878, la kula, kuvaa na kulala. Karibu programu zote za siku hizi zina staji. Mwanafunzi anatumwa kijijini mwezi mmoja, anaandika memwari, anarudi kujibu mbele ya walimu. Mwezi mmoja unatosha kuuliza maulizo. Hautoshi hata kumaliza msiba mmoja. Tena mara nyingi analala mjini, anafika kijijini saa nne kwa pikipiki, na saa tisa amekwisha kwenda, kwa sababu ya usalama, wanasema, na pengine ni kweli. Lakini katekista hulala pale pale penye hatari ile ile, naye hana diploma.

Mapadri Carrara, Didonè na Joubert, na Frera Faccin, wametangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na Kardinali Ambongo ndiye aliyekuja kuongoza misa. Katika wiki za kutengeneza sikukuu niliona vijana wenye diploma na vijana wasio na diploma wakibeba mawe pamoja, na nikafikiri: kama wakubwa wa masomo wangekuja kutazama hapa, wangepata somo lisilo na karatasi.

Mimi nimeanza desturi moja. Mwanafunzi akija kuniomba barua ya staji, simwulizi kwanza somo lake ni nini. Namwuliza atalala kwa nani. Wawili walikasirika, wakaenda kutafuta barua mahali pengine. Wa tatu alikuwa binti, mwanafunzi wa mambo ya jamii. Aliniambia atalala kwa mjane mmoja katika bonde, anayeuza mchele. Alipewa wiki sita. Mvua ilikata barabara, akakaa miezi minne. Hakufanya mkutano hata mmoja wa ukumbini. Usiku aliwafundisha wale mama wauza mchele kusoma karatasi za kodi wanazopewa sokoni, maana walikuwa wakilipa mara mbili bila kujua. Wakati wa kurudi masomoni, wao ndio walioleta franka za pikipiki.